Amri ya Saba: Zawadi na Haki



Leo twaingia katika amri ya saba ya Mungu, inayotukataza kuiba. Mwalimu akiuliza maana yake, kila mmoja ana jibu tayari mdomoni. Kuiba ni kuchukua kuku wa jirani. Kuiba ni kung'oa mihogo katika shamba la mwingine, ni kupunguza kipimo cha unga sokoni, ni kumcheleweshea kibarua mshahara wake hata watoto wake walale njaa. Majibu hayo yote ni ya kweli, na mtu anayetaka ubatizo sharti ayashike. Lakini katika mafundisho ya kijiji kimoja kilicho kando ya reli, mama mmoja aliinua mkono akauliza neno lisilomo katika kitabu kidogo cha maswali na majibu. Alisema hivi:

"Mwalimu, kampuni moja ilikuja kutafuta madini. Magari yake yalipita katikati ya shamba langu, mihogo yote ikalala. Baadaye kampuni hiyo ikatuchimbia kisima chenye pampu, na siku ya kukifungua tulicheza ngoma. Sasa nikitaja shamba langu, watu waniambia: Nyamaza, mama, huna shukrani, maji unayokunywa ni yao. Je, nikidai shamba langu natenda dhambi?"

Mwalimu hakujibu siku ile. Alisema atakwenda kuuliza, naye alifanya vema, kwa sababu swali la mama huyo ni kubwa kuliko shamba lake. Ni swali la nchi nzima.

Kwanza tumkumbuke Zakayo, yule mtu mfupi aliyepanda juu ya mti huko Yeriko ili amwone Bwana. Mara nyingi twacheka juu ya mti wake, tukasahau kazi yake. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru. Aliwatoza ndugu zake kwa ajili ya utawala wa mbali, utawala wa Roma, na katika kutoza alijiongezea lake. Siku Yezu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo alisimama akasema mambo mawili. La kwanza, nusu ya mali yake atawapa maskini. La pili, kama amemdhulumu mtu, atamrudishia mara nne.

Angalieni vizuri: ni mambo mawili. Zakayo hakuyachanganya. Hakusema, "Nimekwisha kuwapa maskini nusu, basi wale niliowadhulumu wanyamaze." Kuwapa maskini ni ukarimu. Kumrudishia aliyedhulumiwa ni haki. Ukarimu haulipi deni la haki, kama vile mtu aliyekopa mbuzi wako hawezi kukuletea kibuyu cha pombe siku ya sikukuu akasema mbuzi amelipwa. Shikeni neno hilo, kwa maana tutatembea nalo.

Wazee wetu walikuwa na vijiji, mashamba na wafalme wao zamani kabla ya reli. Lakini mji wa Kamina tunaoujua umekuzwa na reli. Mwaka wa 1906 zilianzishwa kampuni mbili: Union Minière du Haut-Katanga, ya kuchimba shaba, na kampuni ya reli iliyoitwa kwa kifupi BCK. Reli ilitoka kusini ikafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Ikafika Bukama mwaka wa 1918. Kisha ikaendelea kupitia Kamina hata bandari ya Ilebo, katika mto Kasai, mwaka wa 1928. Mwaka wa 1956 ikamalizika njia ya kwenda Kabalo, na Kamina ikawa njia panda.

Kwa reli hiyo tulipata chumvi, nguo, barua na dawa. Mapadri pia walisafiri kwayo. Hatukatai. Lakini ni nani aliyeamua ipite wapi? Haikuchorwa ili mahindi ya Kamina yafike sokoni. Ilichorwa ili shaba iende baharini bila kutoka katika koloni la Wabelgiji. Ni kama mfereji unaopita kando ya nyumba yako ukielekea shamba la mtu mwingine. Utachota maji, nawe utashukuru. Lakini siku mwenye mfereji anapogeuza maji, hatakuja kukuuliza. Leo sehemu kubwa ya shaba yatoka kwa malori makubwa kupitia Kasumbalesa, na njia ya reli ya kwenda Lobito, Angola, inayosifiwa sana siku hizi huko Ulaya na Marekani, yapita Kolwezi na Dilolo, mbali na sisi. Atakaye kujua matokeo yake, akae katika stesheni ya Kamina angoje treni.

Tuitazame sasa Union Minière yenyewe. Katika miaka ya kwanza wanaume waliandikwa kazi katika vijiji vya Lomami na kwingineko, wakapelekwa migodini, na wengi walikufa kwa maradhi mbali na kwao. Kisha, karibu na mwisho wa miaka ya 1920, kampuni iligeuza mwenendo. Ilitaka mfanyakazi aje na mke wake na watoto wake. Ilijenga nyumba na hospitali, ikatoa posho, ikawapa watoto wachanga maziwa, ikafungua shule ambamo wamisionari walifundisha. Wazee waliokaa katika makambi yale waliizoea kampuni kama baba, na wengine waisifu hata leo.

Je, huo ulikuwa upendo? Moyo wa kila daktari na kila mtawa aliyewaosha wale watoto Mungu aujua, wala si kazi yetu kuuhukumu. Lakini kampuni ilikuwa imepiga hesabu yake. Mfanyakazi aliyeshiba, anayekaa miaka mingi, na mwanawe ajifunza kazi ile ile, ana faida kuliko mgeni anayetoroka au kufa. Na mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma huko Élisabethville wakidai mshahara mzuri zaidi, askari waliwapiga risasi, watu wengi wakafa. Baba huyo alitoa maziwa, lakini hakupenda kuulizwa habari ya mshahara. Ndipo utakapotambua tofauti: zawadi hutolewa apendapo mtoaji, bali haki yaweza kudaiwa hata asipopenda.

Na Kanisa je? Haifai tufiche. Mapadri wa Mtakatifu Fransisko waliohubiri katika nchi yetu walijenga shule na dispensari kwa jasho lao. Lakini katika nyakati za ukoloni misioni zilipata ardhi na fedha kutoka serikali, na pengine kutoka kampuni, na mtu anayekula mezani pa mwingine huona vigumu kumwambia kosa lake. Walikuwako walioanza kwa kusikiliza; twamkumbuka Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliyekaa miaka mingi katika nchi ya Baluba, na ambaye katika miaka ya 1950 aliwakusanya wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao katika Jamaa. Yeye mwenyewe alikiri kwamba alikuja kama mwalimu, akajikuta anafundishwa.

Nguvu ya kampuni haikuishia katika makambi. Mwezi wa Julai 1960 Katanga ilipojitenga na Congo, Union Minière iliilipa ushuru wake serikali ya Élisabethville, si ile ya Léopoldville. Bila fedha hizo utengano ule usingeweza kusimama. Umoja wa Mataifa, wenye makao yake New York, ulileta askari, ukashika kambi kubwa ya ndege ya Kamina, na utengano ukaisha mwezi wa Januari 1963. Damu nyingi ilikuwa imemwagika. Sisemi hapa nani alikuwa na haki katika siasa zile. Nasema tu kwamba hakuna mwanakijiji aliyewachagua wakubwa wa kampuni wala wakubwa wa New York, hata hivyo wote wawili waliamua mambo ya nchi yake.

Mwaka wa 1967 serikali ya Congo iliichukua mali ya Union Minière, ikaanzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Watu wakasema, sasa shaba ni yetu. Mwaka wa 1986 ilitoa tani karibu 476,000. Lakini wakubwa wa nchi waliichota fedha yake kama maji ya mto, mashine hazikutengenezwa, na kufikia mwaka wa 2003 haikutoa hata tani 20,000. Tusiwalaumu wageni peke yao. Mwizi anayesema lugha yetu ni mwizi.

Hapo ndipo Benki ya Dunia ilipokuja na shauri lake. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliachishwa kazi. Waliambiwa kwamba kuondoka ni hiari, wakatia sahihi. Wengi wao walikuwa hawajapata mshahara kwa miezi na miezi. Na hiari ya mtu mwenye njaa ni hiari ya namna gani? Walipewa fedha kiasi, ikaisha, na shule na hospitali za kampuni hazikuwa zao tena. Baadhi yenu mnao wajomba waliorudi kijijini wakati ule, na godoro moja na cheti. Benki hiyo hiyo ilisaidia kutunga sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyowafungulia mlango wageni wachimbaji kwa ushuru mdogo. Migodi ilifufuka kweli; leo shaba ya Congo yapita mara kadhaa ile ya 1986. Lakini waliopanda na waliovuna si watu wale wale.

Nitataja mfano mmoja tena, halafu tutarudi kwa mama yetu. Mwaka wa 1982 ilimalizika kazi ya kuleta umeme kutoka Inga, karibu na bahari, hata Kolwezi: waya wa zaidi ya kilomita 1,700, uliojengwa kwa mikopo mikubwa ya mabenki ya ng'ambo. Umeme wake ni wa namna isiyoweza kuchotwa njiani kwa wepesi. Kwa hiyo nguzo zilipita juu ya vijiji vingi bila kushusha hata taa moja, kwa sababu umeme ulikwenda migodini. Deni lakini lilikuwa la wote, hata la mtoto aliyesoma kwa kibatari chini ya waya ule. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwasihi wakubwa wa dunia wapunguze madeni ya nchi maskini kwa ajili ya Jubilei ya mwaka 2000, akikumbusha desturi ya Agano la Kale ya kuwafungua wadaiwa. Kwa Congo, sehemu kubwa, yaani dola karibu milliardi 12, ilifutwa mwaka wa 2010. Wengine waliita kufuta huko msaada. Pimeni wenyewe kama kumwondolea mtu mzigo usio wake ni msaada, au ni haki iliyochelewa.

Sasa tuseme juu ya mashirika ya huruma. Mfano wao ni yule Msamaria aliyemkuta mtu ameumizwa njiani. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Huku kwetu, kipindupindu kikiingia katika vijiji vya maziwa ya Upemba, kule Bukama na Malemba-Nkulu, hao ndio wanaokuja na dawa, na watu hupona. Wanapoleta chanjo ya polio, pelekeni watoto. Anayekimbia chanjo kwa kusikiliza uvumi amtia mwanawe hatarini. Basi tusiwadharau.

Lakini kipindupindu chatoka, charudi, kwa sababu maji ni yale yale. Shirika hupewa fedha ya miezi kadhaa na mtu aliye mbali, na fedha ikiisha hufunga masanduku. Mwaka wa 2025 serikali ya Marekani ilikatiza sehemu kubwa ya misaada yake, na tarehe 1 Julai shirika lake liitwalo USAID likafungwa. Mahali pengi katika Congo dawa zilipungua mara moja. Hakuna mgonjwa aliyefanya kosa. Huko mbali tu walibadili shauri. Mwenye nyumba ya wageni alibaki na mgonjwa, na Msamaria hakurudi. Ndiyo sababu Kanisa lafundisha kwamba huruma ni ya lazima, lakini haitoshi kuwa nguzo ya nyumba. Nguzo ni haki.

Papa Paulo wa Sita aliandika hayo katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa. Akimfuata Mtakatifu Ambrosi, alieleza kwamba tajiri anapompa maskini, mara nyingi amrudishia tu kilicho chake, kwa maana Mungu aliumba dunia kwa ajili ya wote. Naye Papa Fransisko alipofika Kinshasa, tarehe 31 Januari 2023, aliwaambia wenye nguvu waache kuikaba Afrika, kwani si mgodi wa kunyang'anywa.

Labda mtasema, hayo ni maneno ya mapapa, sisi wa kijijini tutashika wapi? Mtashika katika sheria. Sheria ya madini ya Congo ilirekebishwa mwezi wa Machi 2018, ingawa wakubwa wa makampuni walikwenda hata kwa Rais kuipinga. Yasema kwamba katika kila franga 100 za ushuru wa madini yaliyochimbwa, 15 ni za mji au nchi ya mkuu wa jadi mahali mgodi ulipo, na hulipwa kwao moja kwa moja, zisizunguke kupitia Kinshasa. 25 ni za jimbo, na 10 huwekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tena kampuni inayochimba yapaswa kutoa angalau franga 3 katika kila franga 1,000 za mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na wenyeji wawe na wajumbe wao mahali fungu hilo linapogawanywa. Tena, na hili lamhusu mama yetu, mwenye kibali, hata cha kutafuta tu, akiwanyima watu matumizi ya ardhi yao, yampasa kuwalipa fidia ya haki.

Kwa hiyo, ndugu, mgodi ukijenga shule kwa fungu hilo la 3 katika 1,000, kisha ukaandika jina la kampuni juu ya mlango kwa rangi kubwa, shule hiyo si zawadi. Mwaweza kupiga makofi kwa adabu, kwa kuwa adabu ni jambo jema. Lakini msipige magoti.

Neno gumu limebaki. Fungu la 15 laweza kufika nchini na lisifike kijijini. Chandarua zinazoletwa bure kwa watoto wachanga zaweza kuonekana sokoni, zikiuzwa na mtu tunayemjua kwa jina. Mjumbe wa kijiji aweza kutia kidole gumba chini ya karatasi asiyoisoma, kwa ajili ya bia mbili na simu mpya. Mkatekumeni aliyefanya mojawapo ya hayo asije kuniambia kwamba wezi ni Wazungu na Wachina. Dhambi ya wizi haiondoki kwa kusikitika tu, aliyeiba arudishe. Kama chandarua zimekwisha kuuzwa, arudishe thamani yake. Kama hana kitu, alime shamba la wale aliowanyima. Mwalimu atamngoja, na ubatizo pia utamngoja. Zakayo alisimama akatoa ahadi mbele ya watu waliokuwa wakinung'unika. Hakurudisha usiku kwa siri.

Basi, mama, hili ndilo jibu lako. Hutendi dhambi. Maji ya kisima ni mema, nawe uyanywe pamoja na jirani zako, na umshukuru aliyekichimba. Shamba lako ni jambo jingine, nalo halijajibiwa. Usilidai kwa matusi, wala usikate waya wa pampu usiku, maana hapo utakuwa umewaibia wenzako. Nenda pamoja na mashahidi wawili au watatu. Hesabuni mashina ya mihogo yaliyolala, muyaandike, na tarehe yake. Ombeni mtu anayesoma Kifaransa awasomee karatasi ambayo kampuni iliiweka sahihi na mkuu wa kijiji, isomwe mbele ya wote, wanawake wakiwapo. Kama hakuna karatasi, iulizwe. Yaweza kuchukua muda mrefu, na yaweza kutofaulu, siwezi kukuahidi. Na ninyi mliomwambia anyamaze, mwende mkamsaidie kuhesabu.

Maswali ya kujibu kabla ya somo lijalo

Zakayo aliahidi mambo gani mawili, na kwa nini hakutosheka na moja?

Yule mwenye nyumba ya wageni, Msamaria asiporudi, yampasa afanye nini na mgonjwa?

Katika kijiji chenu, ni nani anayetunza ufunguo wa pampu au wa ghala la dawa, na ni nani aliyemchagua?